Goma: Kwenye mtihani wa Kiingereza, neno dogo ndilo linaloangusha

Kijana wa Goma anayemaliza sekondari na kupata diploma ya Serikali amesoma karibu kila kitu kwa Kifaransa: hesabu, jiografia, biolojia, hata dini. Akitaka kuendelea na chuo kikuu hapa mjini, iwe UNIGOM, ULPGL au ISIG, Kifaransa hicho kinamtosha. Lakini akitazama Kampala, Nairobi, au hata Kigali, ambayo ni saa chache tu kwa gari ukivuka Grande Barrière, anakuta mlango umefungwa kwa kufuli nyingine. Kufuli hiyo ni Kiingereza, na si kile cha kusalimiana na wageni wa mashirika. Ni Kiingereza cha kusoma kurasa mbili juu ya mmomonyoko wa udongo, saa ikikimbia, kisha kuandika maoni yako bila kuchanganya maneno.

Hata nyumbani mambo yanageuka. Mjini Beni, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja. Congo ilipokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa tatu mwaka 2022, iliingia katika nyumba ambayo karatasi zake nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, wakuu wa nchi za jumuiya walikubaliana mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pia. Lakini mwanafunzi anayeandikishwa Makerere hatasomeshwa udaktari kwa Kifaransa kwa sababu ya uamuzi huo. Na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, watoto wa umri wake wamekulia katika shule zilizohamia Kiingereza tangu Rwanda ilipochukua uamuzi huo mwaka 2008.

Kwa hiyo kila mwaka vijana wanarudi kwenye kaye zao na kuanza kujaza maneno. Wengi wanaanza na orodha ndefu ya maneno magumu, PDF ya zamani inayozunguka WhatsApp, na wanayakariri kama vile mtu anavyokariri namba za simu. Ni kazi kubwa, na sehemu yake nzuri inapotea bure.

Mtihani wa pesa nyingi

Kwanza, ni vizuri kujua kinachowekwa mezani. Mitihani ya Kiingereza inayotambuliwa na vyuo vya nje ni ile ile inayojulikana: TOEFL ya Wamarekani, IELTS ya Waingereza na Waaustralia, na siku hizi Duolingo English Test, unaofanyika nyumbani mbele ya kompyuta yenye kamera. Mahali pengi TOEFL na IELTS zinafika dola 200 au kupita hapo. Duolingo uko chini ya nusu ya bei hiyo, lakini unataka umeme usiokatika na intaneti isiyoyumba kwa saa nzima. Aliyewahi kuishi Ndosho au Mabanga anajua maana ya sharti hilo. Mtandao ukikatika katikati, mtihani unaweza kuharibika, na kijana anaanza upya.

Kuna pia tatizo la kulipa. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Mtihani unaolipwa kwa kadi ya benki, katika mji ambao pesa inatembea kwa simu, unamlazimu kijana kumtafuta ndugu wa Kampala au wa Ulaya amlipie. Familia iliyotoa dola hizo mara moja haiwezi kila wakati kuzitoa mara ya pili. Alama ya IELTS inahesabiwa hadi 9, na vyuo vingi vinaomba 6 au 6.5. Nusu alama tu inaweza kumbakiza mtu Goma mwaka mzima.

Zawadi ya Wanormani

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kuna jambo ambalo vijana wengi wa Goma hawajaambiwa waziwazi: maneno yanayoitwa magumu katika Kiingereza, kwa sehemu kubwa, wanayo tayari.

Mwaka 1066, Guillaume wa Normandie alivuka bahari na kuiteka Uingereza. Kwa miaka mingi baadaye, mabwana, mahakimu na watu wa ikulu walizungumza Kifaransa, na wakulima wakabaki na Kiingereza chao. Lugha hizo mbili zilipochanganyika, kila moja iliacha alama ya mahali ilipokaa. Mfano unaofahamika sana unaweza kuelezwa kwa ng'ombe wa Masisi. Akiwa bado kilimani na mchungaji, Mwingereza anamwita "cow", neno la mkulima. Akifika kwenye sahani anakuwa "beef", yaani "bœuf", neno la aliyekuwa akila. Kondoo hali kadhalika: "sheep" malishoni, "mutton" mezani.

Watafiti wawili, Thomas Finkenstaedt na Dieter Wolff, walihesabu mwaka 1973 asili ya maneno karibu 80,000 ya kamusi moja ya Oxford. Walikuta kwamba karibu 28 kwa mia yametoka katika Kifaransa, na karibu kiasi hicho hicho moja kwa moja katika Kilatini. Na maneno hayo hayakujipanga ovyo. Mengi ya shambani na ya mwilini yalibaki ya Kiingereza cha zamani. Ya sheria, utawala, sayansi na fikra yalitoka upande wa pili.

Kwa mwanafunzi wa London au wa Texas, "arduous", "facilitate" na "mitigate" ni maneno ya kukariri. Kwa aliyesoma humanités hapa Goma, "ardu", "faciliter" na "mitiger" si wageni. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayorudi mara nyingi katika vitabu vya chuo kikuu. Peke yao yanachukua karibu neno 1 kati ya kila maneno 10 katika maandishi hayo. Fungua kundi la kwanza la orodha hiyo: "analyse", "concept", "constitute", "context", "distribute", "economy", "environment", "function", "interpret", "method", "principle", "theory". Ni kama kuingia nyumba ya shangazi ambayo rangi ya ukuta tu ndiyo iliyobadilishwa.

Ndiyo maana kijana anayetumia miezi mitatu kukariri orodha hiyo toka mwanzo hadi mwisho anapoteza muda. Aipitie kwa siku chache, achore mstari chini ya yale yasiyo na ndugu katika Kifaransa, kisha abaki na hayo. Katika kundi la kwanza ni machache: "income", "available", "assess", na mengine ya namna hiyo. Kazi ngumu ya mtihani imejificha hapo, na kwenye maneno madogo kabisa ambayo hakuna orodha inayojivunia kuyaandika.

Volkano inafundisha

Hakuna mfano mzuri kuliko wa hapa hapa. Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji. Ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Wanasayansi wameandika mengi kwa Kiingereza juu ya mlima huo, na juu ya gesi ya methane iliyomo katika maji ya Ziwa Kivu. Maandishi ya namna hii, ya milima, maziwa na hali ya hewa, ni ndugu wa karibu na yale yanayowekwa mbele ya watahiniwa wa TOEFL na IELTS.

Mwanafunzi wa Goma akiyasoma, anapita bila shida kwenye "eruption", "evacuation", "seismic", "fissure", "population". Halafu anakwama. Anakwama kwenye "ash", ambayo ni majivu. Anakwama kwenye "crack", "flow", "spill", "warning", "shore". Anakwama kwenye "to settle", ambayo mara moja inahusu watu kuhamia mahali, mara nyingine inahusu majivu kutua juu ya mabati. Maneno yenye silabi moja au mbili, ambayo mtoto wa miaka sita wa Manchester anayajua, ndiyo yanayomnyang'anya alama mtu aliyesoma falsafa.

Faida ya kusoma juu ya kitu unachokijua ni kwamba habari yenyewe inakuongoza. Aliyekimbilia Sake usiku ule wa Mei 2021 hahitaji kamusi kukisia kwamba "they fled on foot" maana yake watu walikimbia kwa miguu. Na neno lililokisiwa namna hiyo halitoki kichwani haraka. Habari za soko la Kituku, za kahawa, za madini ya Rubaya, za Pori la Virunga, zote zimeandikwa kwa Kiingereza na magazeti ya dunia. Ni shule ya bure kwa mwenye mega za kufungulia ukurasa.

Marafiki wa uongo

Lakini Kifaransa kinachobeba kinaweza pia kutupa mtu njiani. Walimu wanayaita maneno hayo marafiki wa uongo, na moja linahusu mtihani wenyewe. Kwa Kifaransa, "passer un examen" ni kuufanya tu. Na katika Kiswahili chetu cha Goma watu wanasema "nilipasa examen" bila kumaanisha kwamba walifaulu. Kwa Kiingereza, "I passed the exam" ni kufaulu kabisa. Kijana akiandika hivyo katika barua ya kuomba chuo wakati bado anangoja matokeo, amesema uongo bila kujua.

Kuna baya zaidi. "Demander" ni kuomba kwa heshima. "To demand" ni kudai, tena kwa ukali. Barua inayoanza na "I demand a scholarship" inamfikia msomaji wake kama mtu aliyepiga ngumi mezani. Kuna "actually", ambayo si "actuellement", maana inasema "kwa kweli" na si "kwa sasa". Kuna "eventually", ambayo si "éventuellement": ya Kifaransa inasema "pengine", ya Kiingereza inasema "hatimaye", kwa hiyo mtu anayetaka kusema kwamba pengine atalipa anaahidi kwamba atalipa tu. Kuna "library", ambayo ni maktaba, wakati "librairie" ni duka la vitabu. Kuna "issue": wengi tunaijua kwenye mlango wa "issue de secours", lakini kwa Kiingereza ni swala au tatizo. Na "labour", ambayo kwa Kifaransa ni kulima kwa jembe, kwa Kiingereza ni kazi ya aina yoyote, hata ya ofisini.

Mtego mwingine unatoka kwenye Kiswahili chenyewe, na huu hauongelewi sana. Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia habari. Kitenzi ni kimoja. Kiingereza kimekigawa: "feel", "smell", "hear". Sisi mkono unaanzia begani hadi vidoleni. Wao wana "arm" na "hand". Kifaransa nacho kina "apprendre", ambayo ni kujifunza na pia kumfundisha mtu, na hapo ndipo sentensi kama "he learned me English" inapozaliwa. Ajabu ni kwamba Kiswahili kingemwokoa mtu huyu, maana kinatenganisha kujifunza na kufundisha kama Kiingereza kinavyofanya. Ila darasani tumezoea kutafsiri kutoka Kifaransa peke yake, kana kwamba lugha ya nyumbani haina msaada.

Na msaada upo. Mtu aliyekulia katika Kiswahili anajua, bila kufundishwa, kwamba mzizi mmoja unazaa watoto wengi: soma, somea, someka, somesha, somo, msomi, usomaji. Kiingereza cha chuo kinafanya vile vile, ila kwa mikia ya nyuma: "economy", "economic", "economical", "economist", "economise". Anayejifunza "vary" peke yake amepata neno moja. Anayechukua pamoja nalo "variable", "variety", "variation" na "various" amepata matano kwa jasho lile lile. Hata neno familia katika orodha ya Coxhead lina maana hiyo.

Kamusi nazo zina vituko vyake. Kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kazi ya kuheshimika, lakini Kiswahili chake si kile cha soko la Virunga. Ukitafuta "abstract" unapelekwa kwenye "dhahania", na sasa una maneno mawili usiyoyajua badala ya moja. "Abstrait" ingekufikisha kwa hatua moja. Kwa maneno ya vitabuni, kijana wa Goma apitie Kifaransa. Kwa maneno ya nyumbani na ya mwili, apitie Kiswahili.

Fishi tano kwa siku

Swali linalobaki ni namna ya kuyaweka kichwani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, akijipima yeye mwenyewe, kwamba kilichokaririwa leo kinapotea kwa sehemu kubwa ndani ya siku chache kisiporudiwa, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa usiku mmoja. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alitengeneza njia inayohitaji karatasi na visanduku tu.

Kata fishi kutoka karatasi ngumu. Upande mmoja andika sentensi nzima ulimolikuta neno, na neno lenyewe uache pengo. Upande wa pili andika neno, ndugu zake, na kama ni rafiki wa uongo, weka alama nyekundu. Fishi mpya inaingia kisanduku cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Ukijibu vizuri, inahamia cha pili, kinachofunguliwa kila baada ya siku tatu; kisha cha tatu, mara moja kwa juma; kisha cha nne, mara moja kwa mwezi. Ukikosea, inarudi cha kwanza bila huruma. Mwenye simu ya Android anaweza kupata kazi hiyo hiyo katika AnkiDroid, programu ya bure ambayo ikishapakuliwa haiombi intaneti.

Familia tano kwa siku zinatosha. Kwa mwendo huo orodha yote 570 ingeisha kwa siku 114, na kwa kuwa sehemu kubwa inajulikana tayari kwa njia ya Kifaransa, muda unaobaki unaenda kwa akina "ash" na "settle". Anayejiahidi maneno 50 kwa siku anaacha kabla ya juma la pili kuisha.

Sentensi nzima kwenye fishi ina sababu yake. Neno la Kiingereza halitembei peke yake. Mvua kali ni "heavy rain", si "strong rain". Kosa "unalifanya" kwa "make", lakini kazi ya nyumbani "unaifanya" kwa "do". Katika IELTS, robo ya alama za kuandika inatolewa kwa msamiati, na msahihishaji anaangalia kama neno limekaa mahali pake. Kumwaga "plethora" na "myriad" katika kila aya hakumdanganyi. Hata SAT ya Marekani, iliyojulikana kwa maneno ya ajabu ajabu, iliondoa maswali ya mlinganisho mwaka 2005, na mwaka 2016 ikaacha yale ya kujaza mapengo kwa maneno adimu. Leo inauliza maneno yakiwa ndani ya aya. Orodha nyingi zinazozunguka kwenye WhatsApp ni za mtihani ambao haupo tena.

Vikundi vya Kiingereza, vinavyokutanisha vijana Jumamosi au Jumapili mchana kwa mijadala, vina faida yao, hasa ya kuondoa aibu ya kusema. Udhaifu wao ni kwamba bila kusoma, maneno yanayozunguka ni yale yale, na makosa yanapewa makofi. Kikundi kinachoanza na ukurasa mmoja uliosomwa na wote, kabla ya mjadala, kinatoka na kitu kipya kila juma. Zamani redio ilisaidia. Tangu mwaka 1959 Sauti ya Marekani ilikuwa na matangazo ya Kiingereza rahisi, yenye maneno kama 1,500, yaliyosomwa polepole. VOA iliponyamazishwa Machi 2025, darasa hilo lilisimama nalo. BBC Learning English bado ipo kwenye intaneti, na masomo yake ni ya bure.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Matokeo ya TOEFL, IELTS na Duolingo yanatambuliwa kwa miaka 2 tu. Kijana anayekimbilia mtihani akiwa bado hana diploma ya Serikali, hana pasipoti, na hajui chuo anachokiomba, anaweza kukuta alama zake zimekufa siku ile karatasi nyingine zinapokamilika. Fishi zianze mapema, hata miaka 2 kabla. Dola za mtihani zitolewe mwishoni, wakati tarehe ya kufunga maombi iko mbele kwa miezi mitatu au minne, ili ibaki nafasi ya kuufanya mara ya pili kama umeme utazimika.